Kichupa alichonipa shoga yangu

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Mwaka wa 22 huu nashona mabaibui. Kazi yenyewe ni uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, na Idi ikikaribia tunashona hadi usiku wa manane, vumbi la nguo limejaa machoni. Macho yakaanza kuniwasha na kuwa mekundu. Shoga yangu, jirani wa miaka mingi, alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, akabakiwa na nusu kichupa cha dawa ya matone. Akanipa kwa mapenzi. Siku ya pili macho yalikuwa meupe, hayawashi wala hayachomi.

Kilipokwisha nikakipeleka kitupu duka la dawa. Kijana akakitazama, akageukia rafu, akanipa kipya. Cheti hakukidai, na mimi sikujua kama kinatakiwa. Nikarudi hivyo hivyo kwa miezi saba.

Sikuumwa hata siku moja. Tundu la sindano nililiona vizuri tu. Nisichokiona kilikuwa pembeni: mkasi nikiuweka mkono wa kushoto, naupapasa. Siku moja nikavuka barabara, bodaboda ikanipitia karibu kunigusa, na sikuiona ilikotokea. Binti yangu akanishika mkono hadi kwa daktari wa macho. Presha ya jicho la kushoto ilikuwa 38. Ya kawaida huwa kati ya 10 na 21. Mshipa unaopeleka nuru kwenye ubongo umekwishaumia, na nuru iliyopotea hairudi. Daktari akaniuliza kama kwetu kuna aliyepofuka. Mama yangu, Mungu amrehemu, alipofuka, na sisi tukasema ni uzee. Kumbe ambao ndugu zao wa damu wana presha ya macho ndio walio hatarini zaidi na dawa ile.

Maana katika kichupa kile mna dawa mbili. Moja ni antibiotiki, inayoua bakteria. Ya pili ni steroidi, na hiyo ndiyo iliyonipa raha: inaondoa wekundu, uvimbe na muwasho upesi, hata kama chanzo chake hakijaguswa. Kwa aliyepasuliwa jicho, akipimwa na kupewa siku zake, ni dawa nzuri sana. Kwa wengine, ikitumika wiki na miezi bila kupimwa, inapandisha presha ya jicho, na inaweza kuleta huo huo mtoto wa jicho. Daktari aliniambia zikizidi siku 10, presha ya jicho ipimwe. Tazameni boksi: jina la dawa likiishia na "sone" au "lone", kama dexamethasone au prednisolone, ulizeni kabla ya kutia.

Na kwetu Tanga kuna mkonge. Mtu akichomwa jichoni na ncha ya jani, au na kijiti chochote cha shambani, jicho linaweza kuingia fangasi. Antibiotiki hizi haziui fangasi, na steroidi inawapa nafasi ya kuendelea kukila kioo cha jicho huku mwenyewe anadhani anapona kwa kuwa wekundu umepungua. Vivyo hivyo kirusi cha malengelenge kinapoingia jichoni. Jamani, jicho lililochomwa lipelekwe likaonwe na mtaalamu siku hiyo hiyo.

Sasa natumia dawa ya kushusha presha kila usiku, maisha yangu yote. Muuguzi alinifundisha kutia: nawa mikono, vuta kope ya chini, tone moja tu kwa sababu jicho halibebi mawili, ncha ya kichupa isiguse jicho, kisha fumba na ubonyeze kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Miezi saba nilikuwa namimina matatu matatu, na ncha inagusa kope.

Aliyeandikiwa dawa hii na daktari asiiache ghafla kwa kusoma barua yangu. Arudi kwa daktari wake amuulize aimalize lini na vipi.

Wauza dawa nawaomba: mkiletewa kichupa kitupu, ulizeni kilikuwa cha nani na cha ugonjwa gani, na pasipo cheti msikitoe. Wanaopasua macho nao, wamwandikie mgonjwa kwenye boksi, kwa Kiswahili, siku ya kuacha, na wamwambie kinachobaki akitupe. Shoga yangu amelia sana tangu aliposikia. Simlaumu. Alipotoka hospitali aliambiwa atie mara nne kwa siku, akatia mara nne kwa siku. Cha kufanya na kilichobaki hakuna aliyemwambia.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga