Programu Yenu Inabahatisha Tarehe za Wateja Wangu

Nakuru
9 Desemba 2024

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Bwana/Bibi,

KUH: ODA ZINAZOANGUKIA TAREHE NA SAA ZISIZO ZAKE

Ninakodisha mahema na viti hapa Nakuru, na oda zangu hupitia programu yenu, ambayo ninailipia kila mwezi.

Mwezi uliopita mteja wa Njoro aliandika "7/12", yaani tarehe saba Desemba. Programu ikatanguliza mwezi, ikapata 12 Julai. Ilipoona Julai imeshapita, ikairusha oda hadi 2025 bila kumuuliza mtu. Mkosi ni kwamba siku zote mbili ni Jumamosi, kwa hiyo hata jina la siku halikutushtua. Juzi baba ya bibi harusi ananipigia simu, wageni wameketi nyasini juani, na mahema yangu yamekunjwa ghalani. Nilimrudishia pesa zote alizotanguliza. Jina langu huko Njoro sijui nitalirudishaje.

Aliyeandika "14/12" hakupata shida, maana hakuna mwezi wa kumi na nne, na hapo programu yenu hugeuza mpangilio kimyakimya. Ndiyo maana kosa lilijificha: huzipata tarehe 1 hadi 12 tu. Kutanguliza mwezi ni desturi ya Marekani. Kenya tunaanza na siku, shuleni, benki na hata kwenye kadi za mazishi.

Saa nazo ni vilevile. Mteja akiandika "saa nne asubuhi", lori langu linapangiwa 04:00 badala ya 10:00. Na msije mkaongeza saa sita kila mahali mkadhani mmemaliza, kwa sababu mwingine huandika "10 asubuhi" akimaanisha saa nne hiyohiyo.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba wateja wangu wajifunze kuandika vizuri. Jibu hilo silikubali. Mzee anayeagiza viti vya matanga hana haja ya masomo.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta anasema ndani ya mashine mnaweza kuhifadhi kwa kiwango cha ISO 8601, mwaka ukitangulia, na hilo halinisumbui. Ninachotaka ni mteja apewe kalenda abonyeze siku. Akiandika mwenyewe, arudishiwe athibitishe: "Jumamosi, 7 Desemba 2024, saa 4 asubuhi, yaani 10:00". Na alichoandika kibaki kama kilivyo. Kwenu kilikuwa kimefutwa. Ukweli niliupata kwa sababu mteja alikuwa amepiga picha kioo cha simu yake.

Naomba pia ada ya Novemba na Desemba irudishwe. Nijibuni kwa maandishi kabla ya tarehe 20 mwezi huu. Oda za Krismasi nimezihamishia kwenye daftari baada ya kumpigia kila mteja, na ada ya Januari sitalipa hadi hili lirekebishwe.

Wako mwaminifu,
Mwenye biashara ya mahema na viti, Nakuru