Tunaomba nakala ya ripoti ya asesa

Ndugu Mhariri,

Majuma mawili yaliyopita mlichapa barua ya msomaji wa Iringa aliyelalamika kwamba sisi wenye "magari ya kunguruma" ndio tunaozikausha kampuni za bima, kisha gharama inawashukia waungwana wenye magari ya kwendea kazini. Mimi ni mmoja wa hao wanaosemwa. Nina Subaru Impreza WRX nyeusi ya mwaka 2006, yenye tundu la kuvutia hewa juu ya boneti, na asubuhi ya Juni hapa Uyole nikiliwasha, mtaa mzima unajua nimeamka. Kwa kelele, naomba radhi. Kwa kuikausha kampuni ya bima, hapana kaka, hapo umenionea, na Mhariri akiniruhusu nitakueleza nani amemkausha nani.

Machi mwaka huu, saa kumi na mbili na nusu jioni, nilikuwa natoka mjini kurudi nyumbani. Pale Sae, Hiace ya abiria iliyokuwa imesimama kushoto kwangu ilikata kona ghafla ikitaka kugeuza, bila kuwasha indiketa. Kondakta alitoa mkono dirishani wakati gari lao limeshanizibia njia. Nilikanyaga breki nikavuta usukani kulia, wapi. Kona yangu ya mbele kushoto ikaingia kwenye ubavu wa Hiace. Eabegi zote mbili zikafumuka. Kondakta alichanika paji la uso, akapewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, akaenda kushonwa. Abiria waliteremka salama na jambo la kwanza wakaanza kudai nauli zao, maana giza lilikuwa linaingia.

Trafiki alipofika hakuniuliza kama nimeumia. Aliuliza, "Ulikuwa unakimbia ngapi?" Dereva wa Hiace hakuulizwa hilo. Nilikuwa chini ya 50, ambayo ndiyo mwendo wa mwisho kwenye makazi, na foleni ya jioni pale Sae isingeniruhusu kuzidisha hata ningetaka. Askari akaitafuta michirizi ya matairi kwenye lami asiione, akanitazama kama aliyenifumania. Gari lenye breki za ABS halifungi matairi likishikwa breki, kwa hiyo mara nyingi haliachi ile mistari myeusi ya kupimia. Bahati yangu alikuwapo mwenzake mtulivu aliyepima vipande vya taa viliangukia wapi, akachora ramani, na ramani ikaonyesha wazi nani aliingia njia ya nani. Dereva alikiri kosa mahakamani akalipa faini. Nikajua yamekwisha.

Sasa njoo kwenye fedha. Nina bima kubwa, ile inayolipia hata gari langu mwenyewe. Gari lilithaminiwa shilingi milioni 20, nikatozwa asilimia 3.5, yaani 700,000, na VAT ya asilimia 18 juu yake, jumla 826,000. Bima ndogo ya gari binafsi, inayolipia wale uliowagonga tu, ni 118,000. Ninalipa mara saba yako, kaka wa Iringa, kama una bima ndogo, na kwa miaka minne sikuwahi kudai hata kioo. Isitoshe, kampuni yangu ikishanitengenezea gari ina haki ya kwenda kuidai bima ya yule mwenye Hiace kila senti iliyotoa. Huo mlango upo na wanaujua.

Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu nimeulizia pale stendi, gereji na kanisani, na karibu kila aliyewahi kudai bima hapa Mbeya anasimulia hadithi inayofanana na yangu, kampuni ni tofauti tu. Kwanza ni karatasi. Ukipeleka leseni na kadi ya gari, unaambiwa bado fomu ya polisi PF 115. Ukipeleka hiyo, bado PF 93 ya ukaguzi wa gari. Ukiipata, bado PF 90, ripoti ya mwisho ya polisi, nayo haitolewi mpaka kesi iishe. Hakuna aliyenipa orodha nzima siku ya kwanza. Nimekuja kugundua kwamba saa ya kampuni inaanza kuhesabu siku ile nyaraka zote zinapokamilika, kwa hiyo karatasi moja iliyobaki ni likizo kwao. Jirani yangu aligongwa na lori la Zambia lililobeba shaba likienda bandarini Dar es Salaam. Nilimhurumia, nikidhani atazunguka mpaka achoke. Akaelekezwa kwenye kadi ya njano ya COMESA, ule mpango wa bima za magari yanayovuka mipaka (Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye kadi ya njano tumebaki). Dai lake lililovuka mpaka wa Tunduma limelipwa. Langu halijavuka hata Uyole.

Lakini karatasi nazivumilia. Kilichonifanya nichukue kalamu ni asesa, yule mkaguzi anayeikadiria kampuni ya bima uharibifu wa gari.

Asesa alitoka Dar es Salaam, wiki ya sita. Nilimsubiri gereji tangu saa mbili asubuhi, akaja saa tisa. Alikuwa na magari mengine manne siku hiyo, simlaumu kwa uchovu. Alilizunguka gari, akapiga picha kwa simu, akauliza kilomita, akaondoka. Dakika ishirini hazikufika. Gari halikuinuliwa na jeki, tairi halikufunguliwa, na hakuna aliyelala chini kutazama. Gari lililogongwa kona ya mbele, uharibifu wa kutisha hauko kwenye bampa. Uko kule ndani, kwenye vyuma vinavyoshika na kugeuza matairi: kontro amu, mguu wa shokapu, stering raki, na ile mihimili miwili inayoshika injini. Subaru halina chesisi, fremu ya chuma ya chini, ya kujitegemea kama pikapu. Bodi ndiyo chesisi. Mhimili ukipinda sentimita moja, matairi hayatazami tena upande mmoja, na hakuna alaimenti itakayokusaidia.

Mafundi wawili tofauti walinifanyia makadirio, mmoja milioni 6.4, mwingine milioni 6.1. Kampuni ikaidhinisha milioni 3.9 na kunielekeza gereji yao. Nikaomba kuona asesa ameandika nini. Nikajibiwa kwamba ripoti ni mali ya kampuni. Nikauliza tena kwa barua, sikujibiwa.

Niwe mkweli kwa yaliyo haki yao. Rimu zangu na springi fupi nilizifunga baada ya kukata bima na sikuwaambia. Walikataa kuzilipia, na hapo sina la kusema. Bima inasimama juu ya kuambiana ukweli, nami nilikaa kimya nikijua wakisikia watanipandishia bei. Betri na tairi walizikata uchakavu, nayo sawa, kwa sababu bima inakurudisha ulipokuwa, haikupi gari jipya. Na kiasi cha kujichangia, kile mteja anachobeba mwenyewe akidai, kimo kwenye mkataba, nilikilipa. Hayo yote nayakubali kwa sababu niliyasoma. Ripoti ndiyo sikuisoma.

Nikaenda gereji siku ya tatu ya kazi bila kuitwa. Gari langu lilikuwa limefungwa mnyororo kwenye mparachichi. Ndiyo, mparachichi, mti mzuri wenye matunda, na upande wa pili winchi ya mkono ikilivuta huku kijana akiuchoma mhimili kwa gesi ili ulainike. Fundi mkuu ni mzee hodari, amenyoosha magari tangu enzi za Peugeot 404, na kwa gari la enzi hizo asingekosea. Bati la mihimili ya magari ya sasa limetengenezwa liwe gumu mahali fulani na likunjamane mahali fulani, ili likunjamane lenyewe badala ya miguu yako. Ukilichoma kwa gesi unaliharibia ugumu wake. Nje litang'aa, rangi itakolea, na siku ya ajali ya pili ndipo utajua. Nilimwambia. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, fedha waliyoandika ni ya kunyoosha. Ya kubadilisha haimo."

Hapo ndipo nilipojua ripoti inasema nini, kwa kuambiwa na mnyororo.

Eabegi nazo. Waliidhinisha "used". Eabegi ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari lililokatwa, ambayo hakuna ajuaye imekaa miaka mingapi kwenye joto la wapi. Wasomaji wanaofuatilia magari wanakumbuka mkasa wa Takata ya Japani: eabegi ambazo baruti yake ilikuwa inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, zikifumuka kopo lake la chuma linapasuka na kurusha vipande kwa mtu aliyekaa mbele yake. Mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yaliitwa yarudishwe, Impreza za miaka ya gari langu zikiwemo, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Sasa mtu ananiokotea ya mtumba bila hata kutazama namba yake, kisha ananiambia niendeshe na mke wangu pembeni! Mikanda haikuguswa kabisa. Mikanda ya gari hili ina kifaa chenye baruti ndogo inayoikaza ajali inapotokea, na kikishafumuka mara moja kazi yake imekwisha. Mikanda yangu imekwama, haivutiki wala hairudi, imebaki mapambo. Taa ya eabegi kwenye dashibodi niliikuta imezimika, nikafurahi, mpaka kijana mmoja wa umeme aliponinong'oneza kwamba balbu yake ilichomolewa.

Siku ya kuchukua gari nililetewa karatasi mbili nisaini kabla ya kupewa funguo. Ya kwanza inasema nimeridhika na matengenezo. Ya pili inasema nimepokea fidia kamili na ya mwisho, na sitadai tena lolote kuhusu ajali hii. Nikaomba kwanza niliendeshe kwa majaribio mpaka Mlima Nyoka na kurudi. Haiwezekani, bila saini gari halitoki. Nimekaa miezi mitatu napanda bodaboda kwenye mvua, nikasaini. Najua wengi wenu mngesaini pia. Ila ya pili niliandika kwa mkono chini yake, "nimepokea bila kukagua", nikapiga picha. Karani alikunja uso lakini akaipokea.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo na halihitaji bajeti ya mtu. Mteja aliyelipia bima apewe nakala ya ripoti ya asesa siku ile ile kampuni inapoipokea, kabla ya spana ya kwanza kugusa gari. Akiisoma na fundi wake ataona kilichoachwa, atapinga mapema, na asesa anayejua kwamba ripoti yake itasomwa atalala chini ya gari. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa hapa Mbeya, na inaweza kuliagiza hili. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye mwananchi anampelekea shauri baada ya kushindwana na kampuni. Ni wachache mno niliowauliza huku kwetu waliokuwa wamewahi kumsikia.

Jumatatu napeleka TIRA barua yangu, picha ya ile saini, na karatasi ya alaimenti niliyopimiwa Mwanjelwa kwa fedha yangu, inayoonyesha tairi la mbele kushoto halikai kwenye vipimo. Nikipata ripoti nitawaandikia tena. Na kaka wa Iringa, ukipita Uyole karibu uliendeshe mwenyewe hilo gari la kunguruma. Shika usukani kwa mikono miwili, linavuta kushoto.

Mwenye Subaru nyeusi,
Uyole, Mbeya