Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Mimi nitazungumzia kadi za mashine zetu za zamani za kunyolea, kwa kuwa ndizo zilizokula muda mwingi mwaka huu.

Tulikubaliana kila mashine ya kunyolea ya chama iwe na kadi yenye mwaka wake. Tulipozipitia upya tukakuta makosa, na moja nililiandika kwa mkono wangu. Ni ile Gillette yenye herufi A chini ya kichwa, niliyoiandikia 1955. Alama hizo ni herufi ya mwaka ikifuatwa na tarakimu ya robo ya mwaka, 1 hadi 4. Lakini herufi zilipofika Z zilianza tena: A ya 1955 ilirudi 1981. Mashine ile ina pete ya kuzungusha, ya kupunguza au kuongeza ukali wa kunyoa, na Gillette za namna hiyo ziliingia madukani 1958. Haiwezi kuwa ya 1955. Kadi yake sasa ni 1981. Namshukuru sana kijana wetu aliyenisahihisha mbele ya mkutano, kwa adabu na kwa hoja. Tangu siku hiyo tunatambua kwanza aina ya mashine, ndipo tunasoma herufi.

Super Speed za mwanzo, aina nyingine ya Gillette iliyotoka 1947, nyingi hazina herufi kabisa. Hizo tunaziandikia kipindi. Mwaka wa kubahatisha hatuutaki kwenye kadi.

Kosa jingine limewapata wengi wetu. Tarehe ya 15 Novemba 1904 iliyochongwa kwenye mashine za zamani ni siku King C. Gillette, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alipopewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake. Mashine yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa miaka 10 baadaye, na hapo namba yake ya mfululizo ndiyo ya kufuatwa. Hata zile za umbo jipya lililotolewa 1921, hataza ya kwanza ilipokaribia kumalizika, zina tarehe ya 13 Januari 1920, ambayo nayo ni ya hataza. Kisanduku cha mashine kisitumike peke yake kama ushahidi, kwani wauzaji huchanganya mashine na visanduku.

Wenye mashine zisizo na kadi wazilete kikao kijacho, na tafadhali msizisugue kwa dawa ya kung'arishia. Herufi hizi zimechongwa kwa wepesi, zikifutika hazirudi. Maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini vinatosha.