Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa: Zishindane nyimbo, watoto waachwe

Ndugu Katibu Mtendaji,

Yah: Mashindano ya watoto kuimba kwenye televisheni

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne hapa Iringa, na vipindi vikiisha nafundisha kwaya ya shule. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe lilitokea hadharani, nchi nzima ikitazama, saa 4 na dakika 10 usiku.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa miaka tisa, alipita usaili wa mashindano ya watoto ya kituo kimoja cha televisheni. Jina lake sitalitaja, na kituo nacho nakihifadhi. Mtaa ulishangilia. Nauli ikakopwa, mama yake akafuatana naye Dar es Salaam, sisi tuliobaki tukapita duka kwa duka kumwombea kura. Kura ni meseji, na meseji ina bei yake. Kuna mzee muuza mkaa karibu na stendi alinunua vocha mara tatu kwa ajili ya mtoto ambaye hata sura yake hakuwa anaijua. Mimi mwenyewe nilituma meseji arobaini. Nakiri mapema, usije ukadhani naandika nikiwa pembeni.

Usiku wa mchujo walisimamishwa watoto watatu mstari mmoja. Mtangazaji akasema, "Anayeyaaga mashindano usiku wa leo ni...", akanyamaza. Ngoma ikaanza kupigwa. Tulikuwa watu kumi na wanane sebuleni kwa jirani na hakuna aliyekohoa. Kamera ikamsogelea binti yetu mpaka uso wake ukajaa kioo kizima, kisha ikashuka taratibu hadi miguuni. Viatu vilikuwa vya kuazima, vimemzidi. Nikamwona anavyokunja vidole ili visimvuke, kama afanyavyo paredi ya asubuhi. Halafu yakaja matangazo: sabuni, bando la intaneti, maziwa. Tuliporudishwa studio alikuwa amesimama palepale, vidole vimekunjwa vilevile. Likatajwa jina lake.

Kilichofuata hatukukiona, nilisimuliwa na mama yake. Nyuma ya jukwaa walimhoji anajisikiaje, akalia. Kijana wa kamera akasema sauti haikuingia vizuri, naomba turudie. Akaulizwa tena, akalia tena, safari hii sauti ikaingia.

Jumatatu wenzake walikuwa wameshampa jina. Wanamwita Anayeyaaga. Nimewachapa maneno, nimewabembeleza, jina halijatoka.

Ndugu Katibu Mtendaji, sisemi watoto wasishindane. Kwaya yangu inashindana UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, na tumewahi kushindwa vibaya sana. Lakini pale tunashindwa thelathini kwa pamoja, tunapanda lori moja, na kufika nusu ya njia kuna mtu ameshaanzisha wimbo. Hakuna kamera inayotafuta ni nani kati yetu atalia kwanza. Kwenye televisheni kile kilio ndicho bidhaa, ndiyo maana ngoma inapigwa muda mrefu vile.

Nimesikia wakisema ile siyo kazi, ni kipaji. Yule mtoto alifanya mazoezi siku sita kwa wiki na hakuwa darasani. Mdhamini alilipa, kituo kililipwa, kampuni ya simu ilikula kwenye meseji zetu. Kama kila mtu alikuwa kazini isipokuwa mwimbaji, basi sijui kazi ni nini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mimi si mwanasheria. Ila saa 4 na dakika 10 naijua ilipo.

Wenzetu wamejaribu kuliweka sawa. India, ambako vipindi vya namna hii vimejaa kila kituo, ilitoa kanuni mwaka 2017: mtoto msanii asizidi saa 5 kwa siku, asipitishe saa 3 bila kupumzika, asishirikishwe zaidi ya siku 27 mfululizo, na angalau asilimia 20 ya mapato yake iwekwe benki kwa jina lake hadi akue. Ulaya, kwenye shindano la watoto kuimba liitwalo Junior Eurovision, kwa miaka kadhaa kila mshiriki alianza na pointi 12 mkononi ili asiwepo mtoto wa kurudi kwao na sifuri. Ni hatua nzuri, ingawa kwangu hizo ni kama kumvalisha mtoto kofia ngumu halafu ukampeleka mgodini.

Ninaoupenda mimi ni mtindo mwingine, na niliujulia hapahapa Iringa. Masista wa Consolata walionifundisha kuimba nikiwa mdogo walikuwa na kaseti za shindano la Italia liitwalo Zecchino d'Oro. Lilianza Milano mwaka 1959, likahamia Bologna 1961 kwenye ukumbi wa Antoniano wa mapadri Wafransisko, na bado lipo. Kila mara zinatungwa nyimbo mpya za watoto, wanaimba watoto wadogo wakisindikizwa na kwaya ya watoto wenzao, na watoto nao hupiga kura. Lakini kinachoshinda ni wimbo, na tuzo ni ya watunzi. Wimbo ukishindwa, aliyeshindwa ni mtu mzima aliyeutunga, mwenye kifua cha kuhimili. Mtoto ameimba, amepigiwa makofi, anarudi nyumbani. Ulioshinda mwaka 1968 unahusu paka 44 wanaojipanga sita sita na kubakisha wawili. Watoto wa Italia mpaka leo wanauimba, na ndani yake mna hesabu ya kugawanya yenye baki ambayo mimi naifundisha wiki mbili na bado wapo wanaoikosa.

Sasa rudi kwetu. Unajua mwanafunzi wangu aliimba nini usiku ule? Wimbo wa mwanamke aliyetendwa na mpenzi. Majaji wakamsifu kwamba ameimba kwa hisia. Hisia zipi hizo, kwa miaka tisa? Siwalaumu sana, na yeye simlaumu hata kidogo. Niliporudi darasani niliwauliza wanafunzi 62 wanitajie wimbo wa watoto uliotungwa baada ya wao kuzaliwa. Wakanitajia Bongo Fleva tupu. Za watoto walizozijua ni zilezile za bibi zao, Ukuti ukuti na wenzake. Baraza lako liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1984 likapewa kazi ya kufufua na kuendeleza sanaa. Kama kuna sehemu imelala, ni hii.

Vibali vya matukio ya sanaa vinapitia mezani kwenu. Naomba kabla hamjasaini cha shindano jingine la watoto, muweke masharti: nyimbo ziwe mpya na za umri wao, tuzo na kushindwa viwe vya mtunzi, mtoto asisimamishwe jukwaani kusubiri kutolewa, kurekodi kuishe kabla ya saa 2 usiku, na kura za meseji zisihusishwe na jina la mtoto. Vituo vitasema hakuna atakayetazama. Watunzi tunao, tena wengi hawana kazi, na sebule ya watu kumi na wanane ingejaa vilevile.

Sisi tumeshaanza bila kibali. Darasa langu linatunga wimbo wa mbuzi 31 wanaovuka mto Ruaha wanne wanne. Mbuzi watatu wa mwisho wametusumbua karibu mwezi mzima, hawana wa nne wa kuvuka naye. Alhamisi iliyopita mtoto mmoja wa nyuma alinyoosha mkono, akasema hao watatu wasivuke, wabaki ng'ambo wanakula majani na kuwacheka wenzao waliolowa. Darasa likapiga kelele, tukaandika ubeti. Ni yeye, na siku hiyo nilisikia wakimwita kwa jina lake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa kwaya, shule ya msingi, Iringa