Ekseli ya pedali haiulizwi "kubwa au ndogo"

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye baiskeli, na zaidi na wauza vipuri. Mteja anafika dukani kutaka ekseli ya pedali, kile chuma kinachoshika mikono yote miwili ya pedali, muuzaji anamuuliza "kubwa au ndogo?", na mazungumzo yanaishia hapo. Wiki mbili baadaye hesi (michirizi ya skrubu) za fremu zimesagika, na fremu nzima inakwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu kwa sababu ya kipuri cha bei ndogo.

Anza na lile bomba fupi la chini ya fremu ambamo ekseli hupita. Toa vikombe vyote viwili, vile vinavyokazwa kila upande wa bomba kushika ekseli, futa grisi, kisha pima upana wa bomba ukingo kwa ukingo. Anayepima vikombe vikiwa bado ndani hupata milimita ambazo hazipo. Baiskeli nyingi za mjini na za mashindano ni milimita 68, za milimani 68 au 73, na zenye kipimo cha Kiitalia ni 70. Tofauti ya 68 na 70 haionekani kwa macho, kwa hiyo tumia kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita.

Kisha hesi, na hapa ndipo fremu nyingi hufia. Kipimo cha Kiingereza, kinachopatikana zaidi, ni kipenyo cha inchi 1.37 na hesi 24 kwa kila inchi. Kikombe cha kulia, upande wa cheni, kina hesi ya kinyume: kukifungua unazungusha kufuata mshale wa saa. Asiyejua hilo huchomeka bomba kwenye spana na kuzidi kukaza kile anachodhani anakifungua. Cha Kiitalia ni milimita 36, hesi 24 vilevile, lakini pande zote mbili hukazwa kwa kufuata saa, ndiyo maana kikombe chake cha kulia hupenda kulegea njiani. Mara nyingi kikombe cha zamani kimechongwa usoni 1.37 x 24 au 36 x 24. Kisome kabla hujakitupa.

Baiskeli za zamani za Raleigh zina mambo yake: hesi 26 kwa inchi, na bomba la milimita 71 au 76. Kikombe cha hesi 24 kitaingia raundi moja au mbili kisha kitagoma. Kikigoma, kitoe. Ukikilazimisha kinakata hesi za bomba, halafu fundi anakichomelea ili kisitoke, na siku gololi zikisagika hakuna tena njia ya kubadilisha kitu. Kwa baiskeli za Kihindi na Kichina zilizofuata umbo hilo, usikisie. Nenda dukani na kikombe chenyewe mkononi. Baiskeli za watoto ambazo ekseli na mikono ya pedali ni chuma kimoja kilichopindwa huwa na bomba nene, lenye kipenyo cha milimita 51 hivi, lisilo na hesi. Hizo zina vipuri vyake.

Urefu wa ekseli hupimwa ncha hadi ncha: 107, 110, 113, 118, 122.5 na kuendelea. Ikiwa fupi, gia ya mbele inakwaruza fremu. Ikiwa ndefu, cheni inakwenda mshazari, inapiga kelele na kula meno. Ekseli iliyo sawa pande zote ikiongezwa milimita 3, gia husogea nje 1.5 tu. Kwa ekseli za gololi zilizo wazi, angalia pia umbali kati ya njia mbili za gololi, kwa sababu ekseli ya bomba la 73 ndani ya 68 haitakazika ipasavyo hata urefu wake ukiwa sahihi. Gololi zenyewe, zisizo na keji (pete ya kuzishikilia), kwa kawaida ni 11 kila upande, za robo inchi.

Mwisho wa ekseli nao una aina. Ya kotapini, ambayo mkono wa pedali hubanwa kwa pini inayopita kando, huhitaji pini ya milimita 9.5 au 9; pini nyembamba iliyozungushiwa kipande cha kopo la soda italegea na kula tundu la mkono wa pedali. Ya pembe nne ina viwango viwili: JIS, cha Kijapani, au ISO, ambacho ncha yake ni nyembamba kidogo. Mkono wa JIS kwenye ekseli ya ISO huzama mno, bolti inafika mwisho kabla mkono haujabana, na tundu linakuwa duara.

Wauzaji, namba hizi zimeandikwa kwenye kikasha: 68, 1.37 x 24, 118. Mnazipoteza mnapokitupa kikasha na kuning'iniza ekseli msumarini. Basi hata kipande cha karatasi na waya kingetosha.

Fundi baiskeli,
Tabora