Barua ya wazi kwa wanangu mnaoutaka udaktari wa meno

Wanangu,

Kila matokeo ya mitihani yakitoka mnanijia na swali lilelile: "Mzee, ni miaka mingapi?" Nchi nyingi humpokea kijana akitoka sekondari na kumsomesha miaka 5, kwingine 6. Marekani, wengi hutangulia kupata shahada nyingine, kisha wanaingia chuo cha meno kwa miaka 4. Baadaye kuna leseni, na mahali pengi mwaka wa kufanya kazi chini ya jicho la wakubwa. Anayetaka ubingwa aongeze: wa kupanga meno kama miaka 3, wa upasuaji wa kinywa na taya 4 hadi 6.

Miaka ndiyo hiyo. Sasa niwaambie msiyoniuliza.

Mwanzoni mtasoma moyo, figo, damu na dawa, mpaka mjiulize meno yako wapi. Msinung'unike. Siku moja atakaa kwenye kiti chako mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, nawe koleo unalo mkononi. Usipomuuliza kabla ya kung'oa, damu itakusumbua.

Kisha vinakuja vidole, na hapo ndipo wenye alama nzuri hushangaa. Mimi kemia nilikuwa naongoza darasa. Mwalimu akatupa vipande vya nta tuchonge gego la juu. Langu nililipenda sana. Akaligeuza mara moja kwenye mwanga, akaliponda kwa vidole viwili, akasema, "Anza tena." Nilichonga matano, na la tano hakulisifu, alilirudisha mezani tu.

Baada ya nta kuna kioo. Magego ya juu huyaoni vizuri ana kwa ana. Unayatazama kwenye kioo kidogo ulichokishika mkono wa pili, na humo mkono ukienda mbele unauona unarudi nyuma. Mashine ya kutoboa jino nayo inazunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, juu ya enameli (ganda gumu la nje la jino) ambayo penye unene wake mkubwa ni kama milimita 2.5. Ndiyo maana mtaanzia kwenye vichwa vya sanamu vyenye meno ya plastiki. Sanamu halishtuki wala halina ulimi. (Ulimi, wanangu! Hakuna kitabu kilichoniandaa kwa ulimi wa mtu.)

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama wa makamo. Nilishika sindano ya ganzi, akanitazama mkono, akauliza, "Daktari, anayeogopa ni mimi au ni wewe?" Nikacheka, mkono ukatulia. Nilimshukuru siku ile na namshukuru hadi leo.

Kabla ya kulipa ada, hakikisheni baraza linalosajili madaktari wa meno linakitambua chuo hicho. Ulizeni pia viti vya kutibia ni vingapi na wanafunzi wangapi wanavigombania, kwa maana jengo zuri halikufundishi kuziba jino.

Na kabla ya hayo yote, ombeni ruhusa katika kliniki yoyote mkae pembeni mkitazama. Msikae saa moja mkaondoka. Kaeni mpaka aingie mtoto anayelia, mwone daktari anafanyaje.

Mzee wenu