Barua kwa mwanangu Somoe, anayecheza skwoshi

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Salamu sana. Huku hatujambo. Korosho zimeanza kudondoka, mama yako yuko shambani tangu alfajiri.

Video ya mechi yako nimeitazama yote. Unalalamika kwamba huna mapigo ya kumaliza, kwamba wenzako wanaudondosha mpira mbele, juu kidogo tu ya bati lile la chini ya ukuta wa mbele, na watu wanawashangilia wao. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Mpira ambao kila mtu alishauhesabu umekufa uliukimbilia, ukaupandisha juu kwenye ukuta wa mbele, ukaenda kutua kona ya nyuma huku ukiambaa na ukuta wa pembeni. Yule binti ikabidi aanze upya. Kisha upya tena. Kufika gemu ya tatu alikuwa ameinama, mikono magotini, na wewe umeshasimama kwenye T, pale mistari inapokutana katikati ya uwanja, unamsubiri.

Huo ndio mchezo wako, mwanangu, na una akili ndani yake. Mpira wa skwoshi ni raba. Ukipigwapigwa unapata joto, unadunda zaidi. Kadiri mnavyorudishiana, ndivyo dropu yake, lile pigo la kuudondosha mpira mbele, inavyonyanyuka na kukupa nafasi ya kuifikia. Humchoshi tu, unamnyang'anya pigo analolitegemea.

Nicol David wa Malaysia alikuwa bingwa wa dunia mara 8, kati ya 2005 na 2014, na nguvu yake kubwa ilikuwa miguu. Jonah Barrington alitwaa mashindano ya British Open mara 6 kwa pumzi na ubishi. Ramy Ashour wa Misri alikuwa kinyume chao, anamaliza mapema, kutoka popote. Ramy ndiye ninayempenda kumtazama kuliko wote, lakini sitaki umuige.

Dropu jifunze, usiiache. Ila uipige mwenzako akiwa amebanwa nyuma kabisa, si kwa sababu umechoka kukimbia au umeona aibu ya kurudisha tu. Na kama bado una shaka wewe ni mchezaji wa namna gani, rudia kuangalia zile gemu zilizofika 9-9. Pale hukuwa ukimuiga mtu yeyote, na mbili kati ya gemu hizo ulizichukua.

Jumamosi ukicheza, nitumie tena mechi nzima, na pointi ulizopoteza zisikatwe.

Baba yako akupendaye